Gurudumu Lisilochoka

Ijumaa ile, saa mbili asubuhi, Inspekta Bilkisi alikuwa amebakiwa na saa sita tu za kumwokoa mtu na gereza, na bado alilazimika kumsikiliza Donatien akimfundisha fizikia.

"Mama inspecteur, nitakuelezea polepole," alisema Donatien, "juu batu benye hawakusoma, hii kintu inabashindaka."

"Eleza."

Donatien alijinyoosha kwenye kiti cha mbao. Alivaa koti jeupe la daktari lenye kalamu nne mfukoni, na hakuna mtu Manika nzima aliyejua kazi ya ile kalamu ya pili. Miaka kumi alikuwa fundi wa spika za makanisa. Mwaka huu ameamka ni ingénieur, yaani mhandisi. Uwanjani kwake alisimamisha mashine: rimu ya pikipiki iliyolazwa kama meza juu ya kisanduku cha saruji, na kuizunguka rimu, vipande ishirini na vinne vya sumaku. Kwa maneno yake, sumaku moja inamsukuma mwenzake, mwenzake anamsukuma wa mbele, hivyo hivyo mpaka siku ya kiama, bila mafuta, bila jua, bila waya wa umeme. Miezi mitatu ilizunguka. Mtaa ukiwa gizani, kwake balbu inawaka na televisheni inaonyesha mpira, na watu wakijaa hadi juu ya ukuta, wakirudi makwao wakiapa kwamba Wazungu sasa watakuja kujifunza Kolwezi. Walimu waliapa. Mtu mmoja mwenye diploma ya umeme aliapa, tena kwa barua yenye muhuri.

Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya macho yao, mashine ikasimama.

"Nani aliisimamisha?"

"Ruffin, sentinelle yangu, mulinzi. Aliiba mama ya sumaku. Njo ile inapatiaka zingine nguvu."

"Saa nne uwanjani mulikuwa watu wangapi?"

"Kumi na tano. Makumi mbili."

"Na hakuna aliyemwona akiiba."

"Mama, aliiba mapema. Saa kumi na moja, batu banalala."

Bilkisi alinyanyua macho kutoka kwenye karatasi. "Aliiba saa kumi na moja, mashine ikasimama saa nne. Saa tano nzima ilizunguka bila mama yake?"

Donatien alifikiri. "Ilikuwa na mazoea," alisema.

Bilkisi aliliandika neno hilo, *mazoea*, akalipigia mstari, akamgeuzia karatasi asaini. Alisaini bila kusoma, kwa kalamu ya tatu.

"Na ukitafuta sana," Donatien aliongeza, akishusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali, "utaona nani alimutuma. Karim. Ule kadhafi, muuzishi wa petroli ku njia. Mashine yangu inamuulia biashara. Jumapili wakubwa banatoka Lubumbashi kuja kuiona, na yeye anajua. Jumapili hii, mama. Unaona mambo."

Aliyaona. Aliona hasa kwamba mtu mwenye mashine iliyokufa na wageni njiani anahitaji mwizi kuliko anavyohitaji sumaku.

Lakini kuona si kuthibitisha. Ruffin alikamatwa Jumatano saa nane, na mfukoni mwake ilipatikana sumaku kubwa. Sheria inampa polisi siku mbili za kumshikilia mtu. Saa nane ya leo zinakwisha, na jeep itampeleka kwa mwendesha mashtaka, na kutoka pale gerezani. Kamanda alishasaini karatasi. Kamanda naye alikuwa ametazama fainali nzima pale uwanjani, amekaa benchi la mbele, na hakutaka kusikia lolote baya juu ya mashine iliyomwonyesha mabao manne bila kukatika. Asiye na wakili akiingia kule kusubiri kesi, husubiri. Bilkisi alimjua kijana aliyekwenda kwa kosa la kuku akarudi ana mvi.

Ruffin alitolewa kasho, chumba cha mahabusu, akiwa na alama ya saruji shavuni, mahali alipolalia sakafu. Alikuwa na mabega ya mchimbaji na adabu ya mtu aliyezoea kuambiwa angoje nje.

Bilkisi aliiweka sumaku mezani: sumaku ya spika, pana kama kisahani, nyeusi.

"Hii ya nani?"

"Yangu, mama. Tangu ku carrière, ku machimbo."

"Mchimbaji anafanya nini na sumaku?"

"Unaipitisha mu poudre ya madini mbele ya kupeleka ku dépôt, kule banauzaka. Kuko batu banachanganyaka unga wa chuma mu cobalt, ikuwe nzito. Ukipitisha sumaku, chuma inakamata, cobalt inabakia. Shi bote, kila équipe iko na yake."

Bilkisi aliigeuza. Sumaku ilikuwa imeota ndevu: unga mweusi wa chuma ulioganda kwa miaka, umeizunguka pande zote, juu, chini na kwenye tundu la katikati. Aliikwaruza kwa ukucha. Za Donatien zilibandikwa kwa gundi kwenye rimu. Sumaku iliyokaa miezi mitatu imebandikwa ingekuwa na upande mmoja safi, na kovu la gundi. Hii haikuwahi kubandikwa popote tangu izaliwe.

"Ile mashine unaiamini?" aliuliza.

"Niliilinda miezi mbili, mama. Sikuona moto, sikuona mazout, mafuta ya kuiendesha. Inazunguka tu."

"Ulikuwepo wakati wa kuijenga?"

"Hapana. Nilikuta inazunguka." Ruffin alisita. "Équipe yangu iko pa Kapata. Puits yetu ilijaa mayi, mvua ya kwanza. Donatien alisema atatutengenezea ingine, ya kuvuta mayi, haikule mazout. Njo nilikubali kumulindia bure. Bale bengine baliacha kukodisha pompe. Batu kumi na mbili, mama, banangoja."

"Wanaume kumi na wawili wamekaa kando ya shimo la maji wakingoja rimu ya pikipiki."

"Ndiyo, mama."

Alijibu bila haya, na hilo lilimkera Bilkisi kuliko koti jeupe na kalamu zake zote nne. Tapeli angalau hakujidanganya mwenyewe.

"Mrudishe," alimwambia askari.

Bilkisi alimpata Karim kwenye njia kubwa, katikati ya vidumu na chupa zake za petroli, amevaa kofia ya mkeka. Bilkisi alimwambia anachotuhumiwa. Karim alicheka mpaka akakaa juu ya kidumu.

"Mi nimulipe mutu aiue ile mashine? Dada Bilkisi, mi mwenyewe nilienda kuona mpira pale. Nilikuwa nawaza, siku ikishinda petroli, nitauza mayi ya baridi. Kwangu hakuna vita."

Dada, kwa sababu baba zao wote wawili walitoka Kasongo na malori, na watoto walicheza chini ya matrela yale yale. Bilkisi alijua sauti ya injini kabla ya kujua kusoma, na sasa alikuwa akijiuliza kwa nini, kati ya mambo yote aliyoyasikia juu ya ile mashine, watu husema inavuma. Sumaku haivumi.

"Donatien amenunua kwako lini?"

"Tangu Jumanne tu. Saa sita, na kofia imefunika sura. Bidon ya litre tano, ya groupe électrogène, jenereta aliyoazima. Mbele ya pale alikuwa anapita ananiambia, 'Karim, utafute kazi ingine, ya kwako imekufa.'"

Hilo halikumaliza kitu. Mashine ikifa, hata kama ni ya kweli, mwenyewe atanunua petroli. Bilkisi alikwishafunga daftari Karim aliposema, kwa ajili ya kupiga soga tu, "Ile Jumanne yote mtaa wao ulinikula petroli. Mama Florentine njo alikuwa wa kwanza. Saa ine na nusu anakimbia, jasho, 'Karim, groupe, groupe, samaki zangu.' Mama ule hakuwahi kununua kwangu hata kikombe."

"Mama Florentine wa samaki wa thomson?"

"Njo yeye. Ukuta wake na wa Donatien ni moja."

Bilkisi alilifungua daftari tena.

Kila mwanamke wa Manika alimjua Mama Florentine, maana samaki wake waligandishwa hata siku ambazo barafu ilikuwa hadithi. Bilkisi mwenyewe alikuwa mteja. Tena Jumanne alikula thomson wa bei ya huruma, kwa sababu saa tano asubuhi Mama Florentine alisimama langoni na kuwaita majirani wabebe, wabebe, kabla hajamwaga.

"Karibu, mama inspecteur. Leo wako wazuri."

"Sikuja kununua. Jumanne kongelateri yako ya samaki ilizimika saa ngapi?"

"Ah. Ni délestage. Unajua vile banatukatiaka umeme."

"Mtaa huu hauna umeme mchana tangu Pasaka. Mwaka mzima unauza samaki wagumu kama matofali. Sasa ndiyo délestage imekukumbuka?"

Mama Florentine alipangusa mikono kwenye kitenge. Alimpangusa na samaki mmoja, asiyehitaji kupanguswa.

"Mi ni mujane, mama inspecteur."

"Mimi si mtu wa umeme. Waya wako utaulizwa na wenye waya. Mimi nina mtu anaingia gerezani saa nane, na nakuomba saa tu."

"Saa ine," alisema Mama Florentine kwa sauti ndogo. "Batu ba umeme balipanda poteau, nguzo ya laini ya pompe ya mayi. Ile haikatikaka. Bakaona waya yangu, bakaikata."

"Waya ni wako peke yako?"

Mama Florentine aliangalia ukuta, akaangalia samaki, akaangalia ukuta tena.

"Ule jirani," alisema mwishowe, "umuulize yeye mwenyewe."

Saa saba uwanja wa Donatien ulikuwa umejaa kuliko siku ya fainali. Bilkisi alitaka iwe hivyo. Alimwomba kamanda ruhusa ya kurudia tukio mahali lilipotokea, jambo ambalo sheria inaruhusu na kamanda hakuweza kulikataa, ila alikuja mwenyewe na jeep ili mfungwa asipotee njiani. Ruffin aliletwa na pingu. Watu walimzomea. Mwenye diploma ya umeme alizomea kwa Kifaransa.

Donatien alisimama kando ya mashine yake kama bwana harusi.

"Onyesha mama ya sumaku ilikaa wapi," alisema Bilkisi.

Donatien alionyesha pengo kwenye rimu. Bilkisi alichukua sumaku ya Ruffin, akaipachika pale.

"Mama amerudi. Zungusha."

"Kwanza inahitaji siku tatu. Iko na kasirani."

Na watu wengine, Bilkisi aliona kwa macho yake, waliitikia kwa vichwa.

Alitoa funguo zake mfukoni. Alizigusisha kwenye kipande cha kwanza, zikashika. Kwenye cha pili. Zikaanguka kwenye vumbi. Aliziokota. Cha tatu, zikaanguka. Cha nne, zikaanguka. Alizunguka rimu yote, akiinama na kuinuka, na kufikia kipande cha kumi watu wakaanza kuhesabu naye. Vipande vinne vilishika. Ishirini vilikuwa vigae vya sakafu vilivyopakwa rangi ya fedha.

"Ile ishirini ni za... équilibre," alisema Donatien.

"Za usawa," mtu alimtafsiria mwenzake nyuma, na yule akasema, "Kigae?"

"Tuisogeze mashine," alisema Bilkisi. "Hatua mbili, pale kwenye kivuli."

"Hapana, mama inspecteur. Iko na alignement na kaskazini ya dunia. Ukiisogeza umeiua."

"Imeshakufa. Ndiyo maana tuko hapa. Mfungueni Ruffin, mpeni baramine."

Askari alimfungua. Ruffin aliupokea mtaimbo, lakini hakuunyanyua. Aliangalia saruji, akamwangalia Bilkisi.

"Mama, nikiivunja, bale benzangu banangoja nini?"

"Saa nane kasoro ishirini, Ruffin. Ama baramine, ama jeep."

Alipiga. Alipiga mara tatu, kama watu wa carrière wanavyopiga, bila haraka, kila pigo mahali pa lile la kwanza, na upande wa kisanduku ukaporomoka. Ndani kulikaa mota ya feni, feni ya kawaida ya kusimama sebuleni, imefungwa ikitazama juu, chini ya rimu, na nembo yake bado inang'aa. Kutoka kwenye mota ulitoka waya mweusi, ukazama ardhini.

Donatien aliwahi kusema: "Ile ni ya... kupoza sumaku."

Ruffin hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti. Aliushika waya kwa vidole viwili, akauvuta kidogo kusikia unakwenda upande gani, kisha akaanza kuchimba. Hakuchimba kama mtunza bustani. Aliufuata kama wanavyofuata madini chini ya ardhi, kwa mtaro mwembamba kama mwili wa mtu, macho hayauachi waya, mkono wa kushoto unatupa udongo nyuma bila kuangalia. Watu walirudi nyuma kumpisha. Mtaro ulivuka uwanja, ukapita chini ya benchi la mbele, lile la kamanda, na kamanda akainua mguu wake mwenyewe kuupisha. Uliendelea mpaka ukafika ukutani. Pale waya uliingia kwenye tundu lililozibwa kwa udongo na karatasi ya sabuni.

Juu ya ukuta kilionekana kitambaa cha kichwa cha Mama Florentine.

"Mi aliniambia ni waya ya antenne," alisema.

Kicheko kilianzia nyuma. Hakikuwa kicheko kizuri. Mwenye diploma alikuwa wa kwanza kudai kwamba yeye alijua tangu mwanzo, na Bilkisi akamwambia vizuri sana, basi atakuja ofisini kueleza kwa nini barua yake inasema vingine. Mtu yule alikumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Bilkisi alikaa kwenye benchi, akaandika juu ya goti. Jumanne saa nne, wenye umeme walikata waya wa jirani. Jumanne saa nne, mota ya feni ilisimama. Hakuna kilichoibwa, kwa kuwa hakuna kilichokuwepo. Sumaku iliyopatikana kwa mshtakiwa ni ya kazi yake na haina alama ya gundi. Mlalamikaji alijua sababu ya mashine kusimama, akamshtaki mtu asiye na hatia ili wageni wa Jumapili wapewe hadithi: mashtaka ya uongo, pamoja na utapeli. Alimpelekea kamanda.

Kamanda aliisoma polepole, mara mbili, akiwa na uso wa mtu anayekumbuka mabao manne.

"Jeep imekuja kuchukua mutu mumoja," alisema.

"Itachukua mumoja."

Saa nane kasoro dakika tano kamanda alisaini. Pingu zilizotoka kwa Ruffin zilimfunga Donatien, naye alitaka kwanza kuvua koti lisichafuke, wakamwambia atalivua kule.

Bilkisi alimpa Ruffin kalamu asaini kuachiliwa kwake. Mkono wa Ruffin ulikuwa na udongo hadi kiwiko, akaacha dole gumba zima jekundu kwenye karatasi ya serikali.

"Naweza kuenda, mama?"

"Nenda."

"Miezi mbili," alisema Ruffin, si kwa Bilkisi wala kwa mtu yeyote. "Puits imebomoka déjà mu mayi." Alipita katikati ya watu waliomzomea mchana ule ule, nao wakampa njia na kuangalia viatu vyao. Alikuwa na wanaume kumi na wawili wa kuwaeleza, na Kapata ni mbali kwa mguu.

Donatien aliingizwa nyuma ya jeep. Dereva alizungusha ufunguo. Jeep ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Alizungusha tena, haikukohoa hata.

"Batri," alisema dereva. "Batu basukume."

Uwanja ulikuwa na watu wasiopungua mia, na miguu mia mbili haikusogea. Polisi wakasubiri. Watu nao wakasubiri. Kisha mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetoa ushauri, "Si ingénieur iko mule ndani? Ashuke aiambie itembee."

Kamanda alimwangalia Bilkisi. Bilkisi aliangalia anga.

"Shuka," kamanda alimwambia Donatien.

Donatien alishuka. Aliweka mikono yenye pingu kwenye mlango wa nyuma, akasukuma, koti jeupe likipanda mgongoni. Kalamu zilimdondoka moja moja. Jeep ilisogea hatua moja, ikagoma, ikasogea tena, ikavuka lango, na nje ya lango barabara ilikuwa na mteremko kidogo. Ilishika kasi. Dereva akaachia klachi, injini ikapiga chafya, ikawaka, ikatoa moshi mweusi.

Hakusimama. Hakuna dereva wa polisi mwenye akili anayesimamisha jeep iliyotoka kuwaka. Iliteremka kuelekea njia kubwa na askari wawili ndani, na karatasi ya mfungwa mmoja, bila mfungwa.

Donatien alibaki peke yake katikati ya barabara, anahema, hakuna aliyemshika. Kushoto kwake palikuwa na kichochoro, na kulia kingine, vyote vitupu. Aligeuza shingo. Uwanja mzima ulikuwa umetoka langoni na kumfuata, taratibu, bila kelele: walimu, akina mama wenye mabenchi yao, vijana waliozoea kukaa juu ya ukuta. Miezi mitatu waliapa kwa ajili yake.

Akaanza kukimbia nyuma ya jeep, mikono mbele, akiomba wamngoje.